Kashfa iliyotikisa televisheni Marekani: Washindi walipewa majibu mapema

USIKU wa Desemba 5, 1956, mamilioni ya Wamarekani walikuwa mbele ya televisheni zao wakati Herbert Stempel alipoulizwa swali jepesi: ni filamu gani iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955?

Jibu lilikuwa Marty. Stempel alilijua vyema, kwani filamu hiyo aliipenda na alikuwa ameitazama zaidi ya mara moja. Hata hivyo, alijibu On the Waterfront. Usiku huohuo ubingwa ukaenda kwa mpinzani wake, Charles Van Doren.

Stempel hakukosea kwa bahati mbaya. Alikuwa ameagizwa akosee.

Kipindi hicho, Twenty-One, kilirushwa na shirika la NBC. Washindani wawili waliingia katika vibanda visivyopitisha sauti, wakajibu maswali ya pointi 1 hadi 11, wakiwania kufikisha pointi 21.

Michezo ya aina hiyo ilishika kasi Juni 1955, CBS ilipoanzisha The $64,000 Question. Katika mchezo wa redio uliokitangulia, zawadi kubwa ilikuwa dola 64 tu. Kampuni ya vipodozi ya Revlon, iliyokuwa mdhamini, iliona mauzo yake yakipaa.

Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa tatizo. Zama hizo mdhamini hakununua muda wa matangazo pekee, bali alikuwa na sauti katika kipindi chenyewe. Twenty-One ilipoanza Septemba 1956, mchezo wa kwanza uliendeshwa kwa haki. Washindani walikosa maswali mengi, kipindi kikapooza, na mdhamini akaja juu.

Tangu hapo mwandaaji, Dan Enright, akaanza kupanga matokeo. Washindani walipewa majibu mapema, wakafundishwa wakati wa kusita na namna ya kupangusa jasho. Stempel alichaguliwa hata nguo na mtindo wa nywele ili aonekane mtu wa hali ya chini. Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia kutoka familia mashuhuri ya waandishi, akawa kipenzi cha taifa. Aliondoka na dola 129,000, na Februari 1957 picha yake ilipamba jalada la jarida la Time.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Agosti 1958 kipindi kingine, Dotto, kiliondolewa hewani baada ya mshiriki wa akiba kuona daftari la mwenzake lililokuwa na majibu. Malalamiko ya Stempel, yaliyodhaniwa kuwa ni wivu tu, yakaanza kusikilizwa. Novemba 2, 1959, Van Doren alikiri kila kitu mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi.

La kushangaza ni kwamba kupanga matokeo hakukuwa kosa la jinai. Van Doren na wenzake walishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo wakati wa uchunguzi wa awali mjini New York. Mwaka 1962 walikiri kosa, lakini hawakwenda jela.

Mwaka 1960 Marekani ilirekebisha sheria yake ya mawasiliano na kupiga marufuku udanganyifu huo. Mashirika ya utangazaji nayo yakachukua udhibiti wa vipindi kutoka kwa wadhamini.

Van Doren alifariki dunia mwaka 2019 na Stempel mwaka 2020. Sheria iliyotokana na kashfa yao ingalipo.