Chungu cha Malwa na Beseni la Bati



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia mishahara, likizo na usalama kazini. Safari hii tumeonelea yafaa tuzungumzie jambo la baada ya kazi, nalo ni pombe tunayoipika wenyewe nyumbani. Tangu mambo yaliyotupata hapa Tororo mwezi wa Desemba 2022, wenzetu wa vituo vingine wametuuliza mara nyingi ni nini hasa kilichotokea, na uvumi umekuwa mwingi kuliko habari yenyewe.

Sisi tu watu 14 wa karakana moja. Kuna Waiteso, Wajapadhola, Wasamia, na Waluhya wawili kutoka ng'ambo ya mpaka. Jumamosi jioni hukaa kukizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Kama ilivyo desturi ya vikundi vya malwa, tuna mwenyekiti, mweka hazina na sheria zetu: atakayepuliza ndani ya mrija hutozwa faini, atakayeleta ugomvi hutozwa mara mbili. (Laiti mikutano ya tawi letu ingekuwa na nidhamu hiyo!) Miaka mingi tulikuwa tukinunua. Mwaka 2019 tukaamua kujifunza kupika wenyewe, si kwa biashara, maana hatuuzi hata kikombe kimoja, bali kwa kuipenda kazi yenyewe. Fundi wa mitambo akiona kitu kinachemka bila moto hawezi kutulia mpaka ajue sababu.

Aliyetufundisha ni mama mmoja mjane wa mtaa wetu, Mwiteso, ambaye amesomesha watoto kwa chungu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba tusiharakishe.

Malwa, ambayo kwa Kiteso ni ajono, hutengenezwa kwa wimbi, nafaka ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita ulezi. Unga hukandwa kwa maji kidogo, donge gumu, kisha hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya migomba, au hufungiwa ndani ya chombo, muda wa siku tano hadi saba. Humo donge huchachuka kwa bakteria wale wale wanaogandisha maziwa. Uchachu huo ndio ulinzi wa kwanza, kwa sababu vijidudu vingi vibaya haviwezi kuishi ndani ya tindikali. Halafu donge huvunjwavunjwa na kukaangwa juu ya bati lililotandazwa juu ya mafiga, likigeuzwa kwa sepetu bila kupumzika mpaka liwe na rangi ya kahawia. Kazi hii ni ya jasho, na moshi wake hauna huruma. Lakini harufu ya malwa na rangi yake hutoka hapo. Moto huo pia huivisha wanga na kusimamisha uchachu usizidi. Likishaanikwa juani likakauka, donge hilo hukaa miezi bila kuharibika.

Kimea ndicho roho ya pombe. Wimbi huoshwa, huloweshwa usiku na mchana, kisha humwagwa juu ya majani ya migomba na kufunikwa kwa gunia bichi. Siku ya pili au ya tatu mizizi midogo myeupe huchomoza. Ndani ya punje vimeng'enya vimekwisha kuamka, navyo ndivyo vitakavyovunja wanga uwe sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Ukikiacha kimea kiote kupita kiasi, mche huila sukari ile ile unayoitaka. Ukikianika mapema mno, hakina nguvu. Ukikikausha kwa moto mkali badala ya jua, umeviua vimeng'enya na kazi yote imekwenda bure. Sisi tulikosea kwa njia zote tatu. Mama hakutazama saa wala kalenda. Alikuwa akikunja pembe ya gunia, akaona mizizi imeshikana kama mkeka, akasema, "Leo." Punje yenye ukungu, mweusi au wa kijani, alikuwa akiitupa pamoja na wenzake wote walioigusa.

Baada ya hapo donge lililokaangwa huchanganywa na unga wa kimea na maji ndani ya chungu. Sisi hutumia kilo 20 za donge kwa kilo 4 za kimea. Kwa siku tatu au nne chungu huunguruma. Chungu cha udongo huoshwa kwa maji matupu, bila sabuni, maana hamira hujificha katika vitundu vyake ikingoja kazi ya safari ijayo. Siku ya kunywa, machicha hutiwa katika chungu cha wanywaji, maji ya moto humiminwa juu yake, na mirija yenye vichujio vya kusuka hushushwa.

Waluhya wetu wawili hawakukubali kwamba hii ndiyo njia pekee. Kwao busaa hupikwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa vivyo hivyo, kisha kimea cha wimbi. Nayo huchujwa na kunywewa kikombeni. Mwenzetu mwingine aliwahi kufanya kazi Kigezi, akatueleza jinsi Wakiga wanavyoloweka mtama mwekundu katika maji ya majivu. Tuliposoma tukakuta wana sababu nzuri: mtama ule una ukakasi unaovifunga vimeng'enya, na majivu huuondoa. Yeyote anayeotesha mtama akumbuke kwamba miche na mizizi yake ina kitu kinachotoa sumu ya sianidi, hivyo vikikauka visuguliwe vyote na kupepetwa kabla ya kusaga.

Ilipofika Machi 2020 baa na vilabu vikafungwa kwa sababu ya Korona, hata vikaja kufunguliwa Januari 2022. Chungu kimoja na mirija 14 lilikuwa jambo lisilowezekana. Kila mtu akapika kidogo kidogo kwake, tukisimuliana kwa simu. Tulikunywa vibaya miaka hiyo, lakini tulijifunza mengi.

Sasa tuje kwenye Desemba 2022. Tulitaka kupika mara tatu ya kawaida kwa ajili ya kufunga mwaka pamoja na wageni. Chungu chetu kikubwa kikapasuka. Mama alikuwa amekwenda mazikoni Ngora, akiwa ametuachia kimea alichokisaga mwenyewe. Mmoja wetu akaleta beseni kubwa la bati, jipya, linalong'aa kama kioo, la kufulia nguo. Hakuna aliyepinga. Tulisifu hata usafi wake.

Siku ya nne tulikunywa. Wengine walisema wanasikia ladha ya sarafu mdomoni, wakachekwa. Haikupita saa moja mtu wa kwanza akaanza kutapika. Usiku huo watu tisa kati yetu walifikishwa zahanati, na wageni wanne. Namshukuru Mungu, tunasema sote, hakuna aliyekufa.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa na jibu. Kimea kilitoka kwa nani? Kwa mama yule. Mbona siku ile ile hakuwepo? Ikasemwa kwamba tulikuwa na deni lake tulilokataa kulipa, jambo ambalo halikuwa kweli, na sisi tuliokuwa tukijua si kweli tulikuwa kitandani, au tulikaa kimya. Vijana wakaenda kwake wakamvunjia vyungu vitatu. Aliporudi kutoka mazikoni alikuta vigae mlangoni, akaenda kukaa kwa dada yake.

Mganga wa zahanati ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi mafundi wa chuma tulipaswa kuliuliza kwanza. Hakuuliza nani alipika. Aliuliza, "Mlipikia ndani ya nini?" Akatueleza kwamba bati la namna ile limepakwa zinki, na kwamba kitu kichachu kikilala ndani yake huiyeyusha zinki hiyo, na anayekunywa hutapika upesi. Tulikwenda kulitazama beseni. Juu bado lilikuwa liking'aa. Kuanzia mstari pombe ilipofikia hadi chini, mng'ao ulikuwa umeliwa. Kila siku kazini tunaondoa kutu kwa tindikali, na bado hatukuona.

Kikao chetu kilikuwa kirefu. Wapo waliosema tunyamaze, mambo yatasahaulika. Mwenyekiti alikataa, alisema jina la mtu lililochafuliwa hadharani haliwezi kusafishwa chumbani. Tukatoa fedha za vyungu kutoka hazina, michango ya miezi miwili, tukalibeba beseni lenyewe, tukaenda sote 14 kwa miguu kupitia sokoni, tukimwonyesha kila aliyetaka kuona ule mstari. Kwa dada yake tulipiga magoti. Mama alizipokea fedha za vyungu. Kisha akasema, "Wanangu, mmenijua miaka mitatu. Kabla ya kuamini, mliniuliza nini?" Hatukuwa na la kujibu, na hata leo hatuna.

Tunaandika haya kwa sababu vyombo vya namna hiyo viko kila mahali. Pipa la chuma tupu nalo si salama: huko Afrika ya kusini madaktari wameeleza tangu miaka ya 1920 maradhi ya ini yanayotokana na chuma kinachozidi mwilini, na pombe iliyopikwa katika vyombo vya chuma ndiyo iliyoonekana kuwa chanzo kikubwa. Jerikeni lililowahi kubeba dawa ya mimea au rangi halioshwi likatakata. Udongo, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula, ndivyo tunavyotumia sasa.

Na unga pia una mambo yake. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe kwenye msiba, na aliyeipika alikuwa miongoni mwao. Kwanza watu walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta sumu ya bakteria waliomea katika unga wa mahindi ulioharibika, sumu ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Huko nako kulikuwa na mkono wa kulaumiwa kabla ya kutazama gunia. Vifo vya Kabale mwaka 2010 na vya mitaa ya mabanda ya Nairobi Novemba 2000 ni habari nyingine. Hiyo ilikuwa methanoli katika pombe kali, na methanoli ya kuua kiasi hicho haitoki katika wimbi, hutiwa na mtu.

Mama alirudi mtaani kwetu mwezi wa Machi 2023. Hakuja kwenye chungu. Mwezi wa Agosti alipita uani tulipokuwa tumeanika kimea, akasimama, akachukua punje chache mkononi. "Kimeota sana," akasema, akaenda zake. Tulikimwaga tukaanza upya. Beseni bado liko pale pale uani, limetobolewa matundu chini na kupandwa vitunguu.