Ndimu Ikamuliwe kwenye Maharage

Visa vya kwanza vya Covid-19 vilipotangazwa Bukavu mwishoni mwa Machi 2020, watu walikimbilia sufuria. Majani ya mkaratusi, ndimu, tangawizi, vitunguu saumu: vyote vikachemshwa pamoja, mtu akajifunika blanketi na kujifukiza mpaka jasho limtiririke. Mwezi uliofuata Madagaska ikatoa kinywaji chake cha Covid-Organics, Kinshasa nako kukasikika dawa ya Manacovid, na kila mtaa ukapata mganga wake. Septemba 2023 aina mpya ya mpox ikaanza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, hukuhuku Kivu ya Kusini. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024, swali lilikuwa lilelile: tule nini tusiugue?

Swali hilo huulizwa tukiwa tumeshachelewa. Hakuna chakula kinachofunga mlango wa virusi. Chakula kinaamua virusi vikishaingia vitaukuta mwili katika hali gani, na hali hiyo hutengenezwa miezi mingi kabla ya tangazo la redio. Kinga ya mwili ni kama sentineli wa getini. Usipomlipa kwa miezi sita, usishangae kumkuta amesinzia usiku mwizi anapokuja. Kumpelekea kikombe cha chai ya tangawizi usiku huohuo hakumrudishii nguvu.

Mshahara wa sentineli huyo unajulikana vizuri. Chembe nyeupe za damu, ute wa puani na kooni, ngozi na utando wa utumbo hujengwa upya kila siku, na matofali yake ni protini. Vitamini A hufanya utando wa njia ya hewa na wa utumbo ubaki mzima bila nyufa. Zinki inatakiwa kila mara chembe inapogawanyika. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ukimpima utakuta tezi ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua inayolea chembe za kinga, imesinyaa. Homa ikimkuta hivyo, hamu ya kula inaondoka saa ileile mahitaji yanapopanda, na mwili unaanza kuchota protini kwenye misuli yake wenyewe ili kulisha chembe zinazopambana. Ndiyo maana mtu akitoka kitandani baada ya wiki mbili, hata mwenye mwili mkubwa, utaona mapaja yamekwisha. Misuli ni akiba, na asiye na akiba huuza mabati ya nyumba.

Sasa tutazame sahani ya Bukavu. Katikati kuna bugali wa muhogo, mkubwa, unaotoa moshi. Pembeni kuna mboga: sombe, au lengalenga, au maharage, na siku njema sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Tatizo la sahani hii liko kwenye ukubwa wa vitu wala si aina yake. Bugali ni mlima na mboga ni kijiji kidogo chini yake. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini isiyozidi gramu 2. Maharage makavu ya uzito huohuo yana zaidi ya 20, soya zaidi ya 35, na sambaza zilizokaushwa vizuri hupita 50. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku akiwa mzima, na zaidi akiwa na homa. Akitegemea muhogo peke yake itambidi amalize kilo mbili na nusu za unga kati ya asubuhi na usiku. Tumbo litajaa mapema mno, na kujaa huko ndiko kunakodanganya familia nyingi kwamba zimekula.

Bwaki tunaifahamu wote: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini, mtoto amenuna hachezi. Lwiro, kilomita zisizofika 50 kaskazini mwa Bukavu, Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, na kwa miongo mingi watoto wa milima ile wametibiwa hapo kwa utapiamlo, madaktari wakijifunza kutokana nao. Kwa hiyo ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya vita vyote tunavyovilaumu. Vita vimeuzidisha tu. Takwimu za taifa za 2013 na 2014 zilionyesha kuwa watoto 43 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa. Kivu ya Kusini ilipita nusu. Mlipuko ukiwafikia watoto hao, iwe surua, kipindupindu au mpox, unawakuta sentineli hawajalipwa tangu kuzaliwa.

Nizungumzie sambaza kidogo, maana nazipendelea. Samaki huyu mdogo si mwenyeji wa ziwa letu la Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea majini. Leo wavuvi hufunga mitumbwi mitatu sambamba kwa miti mirefu, huwasha taa gizani ili kumvuta juu, na ukiwa karibu na maji unawasikia wakiimba wanavyopiga kasia. Asubuhi samaki wako sokoni Kadutu, wengine wabichi wanang'aa kama sindano, wengine wakavu kwenye beseni. Uzuri wao ni kwamba wanaliwa wazima. Kalisi imo mifupani, na sehemu kubwa ya vitamini A imo kichwani na tumboni, sehemu zile tunazozitupa kwa samaki mkubwa. Anayenyofoa vichwa vya sambaza ili mchuzi upendeze amelipia dawa akaitupa jalalani.

Mafuta ya mawese nayo yanaonewa. Wako wanaoyachoma juu ya moto mpaka rangi yote itoke ndipo wakaange. Wekundu ule ndio karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na ukiuchoma hausalimiki. Yatie mekundu kwenye lengalenga dakika za mwisho na utapata faida mbili, kwa kuwa karotini ya majani nayo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Sombe ni habari nyingine. Majani ya muhogo yana sianidi, kwa hiyo yatwangwe na kuchemshwa sana, hapo hakuna mjadala. Kosa ni kuipa lengalenga adhabu ya sombe. Lengalenga inatosheka na dakika chache.

Ndimu basi, iliyotupotezea usingizi mwaka 2020. Ina vitamini C, ni kweli, ingawa pera lililoangushwa na upepo uani linaishinda mara kadhaa kwa uzito uleule. Lakini ndimu ina kazi ambayo wengi hawaijui. Chuma kilichomo kwenye maharage ni kigumu kufyonzwa. Kikikutana na vitamini C tumboni kinapita kwa urahisi zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume, hukizuia. Basi ndimu ile ya kuchemshia majani ya mkaratusi ikamuliwe juu ya sahani ya maharage, baada ya kuyaepua, na chai isubiri saa moja au mbili. Hasa kwa wajawazito, ambao upungufu wa damu huwamaliza bila kelele. Kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, Mulungu, upande wa Kavumu, kimeshiriki kutafuta mbegu za maharage yenye chuma zaidi ya yale ya kawaida. Mkulima akikupimia hayo kwa bei ileile, chukua.

Na chumvi iwe ile yenye madini joto. Katika miaka ya 1960 watafiti walikuta rovu limeenea mno kisiwani Idjwi, penye upungufu wa madini hayo na muhogo mwingi unaouzidisha.

Najua jibu litakalonijia: pesa ziko wapi? Mpaka wa Rwanda ulipofungwa Machi 2020, wanawake waliokuwa wakivuka mto Ruzizi kila siku na nyanya, karoti na mayai walipoteza mtaji, na soko la Bukavu likapoteza mboga. Vita vilipofika mjini Februari 2025, benki zilifunga milango na mzunguko wa fedha ukakauka. Kumwambia mtu katika hali hiyo ale matunda matano kwa siku ni kumtania. Ninachosema ni kidogo zaidi: zile franka chache zinazobaki baada ya unga, zisiende kwenye soda, wala kwenye mchemraba wa kuungia mchuzi, wala kwenye chupa ya kuongeza kinga ya muuzaji wa barabarani. Ziende kwenye maharage, soya au sambaza. Na bugali upungue kwa ngumi moja.

Upande wa mazoezi, ushauri wa dunia na mji wetu haupatani sawasawa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2021, ukihusu watu 48,440 waliougua Covid-19, ulikuta kwamba wale wasiofanya mazoezi kabisa walikuwa na uwezekano wa kulazwa hospitali zaidi ya mara mbili ya waliofikisha dakika hizo. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kutembea peke yake ndiko kuliwaokoa. Huenda waliotembea walikuwa na afya njema tangu mwanzo. Hata hivyo kinachotokea mwilini kinaeleweka. Misuli ikifanya kazi, sukari ya damu inashuka, tansiyo inatulia, uvimbe wa ndani kwa ndani unapungua, na chembe za kinga zinasukumwa kuzunguka damuni badala ya kujificha. Sukari, tansiyo na unene ndivyo vilivyowaangusha wagonjwa wengi wa Covid, na vyote vitatu vimo Bukavu, wakati mwingine katika nyumba ileile yenye mtoto wa bwaki.

Lakini simama asubuhi Beach Muhanzi, mashua za Idjwi zinapoteremsha mananasi, ndizi na makaa. Mwanamke anainama, anapitisha kamba kwenye paji la uso, mwenzake anamsukumia gunia mgongoni, naye anaanza kupanda kuelekea Kadutu, macho ardhini, vidole vya miguu vikishika udongo. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hauna tambarare ya kusema. Huyu mama alishapita dakika 150 kabla ya Jumanne kwisha. Mwili unaofanya kazi nzito bila kula vya kutosha hauongezi misuli, unaitafuna. Akipewa karatasi ya afya inayomhimiza afanye mazoezi, ana haki ya kuwashia moto. Anachohitaji ni maharage na usingizi, na mzigo uliopunguzwa.

Karatasi hiyo apewe mwenye ofisi anayepanda pikipiki kutoka Nguba hadi Nyawera, na motari anayembeba, na mwenye duka anayekaa kitini tangu saa mbili asubuhi. Hao mlima wanao bure. Nusu saa ya kupanda kwa miguu, siku tano kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. (Waliotunga kipimo hicho hawajawaona vijana wetu wa jogingi, wanaopanda Jumamosi alfajiri wakiimba kwa sauti zote. Wakati wa ugonjwa unaoenea kwa pumzi, nyimbo zipunguzwe na wakimbie wametawanyika.) Pale usalama usipomruhusu mtu kutoka mapema, kuruka kamba uani, au kuketi kitini na kusimama mara kumi na tano bila kushika kitu, kisha kurudia, kunajenga mapaja vizuri. Wazee hasa wafanye hilo la kiti. Mwenye homa asifanye lolote: apumzike, na akipona arudi polepole, maana virusi vingine hugusa moyo, na maumivu ya kifua ni ya kupeleka kwa daktari.

Wala mboga na mlima havichukui nafasi ya chanjo, sabuni na maji. Dokta Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, aliyeongoza tume ya afya ya kupambana na Covid jimboni hadi alipojiuzulu Juni 2020, alilia na majibu ya vipimo yaliyochelewa kurudi kutoka Kinshasa. Mambo hayo hayatatuliwi jikoni.

Jikoni linatatuliwa jingine, dogo. Kwenye sinia moja mtoto wa miaka mitatu hashindani na mikono ya wakubwa. Anaishia na bugali na mchuzi usio na samaki. Mtengee kisahani chake. Na yule anayeanza uji, chukua sambaza kavu, zioshe mchanga kwa maji ya vuguvugu, zianike tena juani, zikaange kavu kidogo mpaka zivunjike kwa vidole, kisha zitwange kwenye kinu kilekile cha sombe, kikiwa kimeoshwa na kukauka. Chekecha. Weka unga huo kwenye kopo lenye mfuniko, na kila uji unapoiva, tia kijiko kimoja.