Kwa Nini Kazi ya Hospitali ya Panda Haisomeki Marekani

Hapa Iowa, jamaa kutoka Likasi, Kongo, akisema alifanya kazi hospitali, ataulizwa: kama nani? Hapo ndipo mazungumzo hukwama. Daktari hakuwa. Huenda alikuwa muuguzi wa A2, yaani diploma ya ngazi ya sekondari, lakini miaka yote aliitumia upande wa kufunga vyombo vya upasuaji. Au alianza kwa kusukuma machela, akahamishiwa kufua nguo za chumba cha upasuaji, na siku msaidizi alipokosekana akaambiwa ajiandae aingie. Mwingine aliwekwa dirisha la dawa kwa sababu anajua hesabu na hati yake inasomeka. Kazi zote hizo ni za kweli, na huku kila moja ina jina lake na mshahara wake, na baadhi zina mitihani yake. Tatizo ni kwamba kule Panda hazikuandikwa popote. Kuelewa kwa nini kunatulazimu kurudi nyuma kidogo, hadi enzi za Union Minière.

Panda ni moja ya komuni nne za Likasi, pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Shituru. Mji mzima wakati huo uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Kiwanda cha kusafisha madini ya shaba cha Panda kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1920, na cha Shituru kikafuata mwaka 1929. Mwanzo kampuni ilileta wafanyakazi kwa mikataba mifupi, wakaugua, wakafa, wengine wakatoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, apewe nyumba, posho, shule na matibabu. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa miongoni mwa waliosimamia sera hiyo. Hospitali ya kampuni haikujengwa kwa huruma. Ilijengwa kwa sababu mtu mgonjwa hachimbi shaba.

Hospitali ya namna hiyo ilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa ya Wakongo, lakini kwa mpaka uliochorwa wazi. Mkongo angeweza kuwa msaidizi wa muuguzi, muuguzi, na juu kabisa msaidizi wa daktari, ambaye kwa Kifaransa aliitwa assistant médical. Daktari hapana. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi ilikuwa na wasaidizi wa daktari zaidi ya mia moja, na daktari Mkongo hakuwepo. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi katika vurugu za miezi iliyofuata, Shirika la Afya Duniani lilipeleka wengine kuziba pengo, na makumi ya wasaidizi hao wakapelekwa Ufaransa kumalizia udaktari.

Ninalitaja hilo kwa sababu desturi iliyobaki ni ile ile: kazi unajifunza mikononi mwa aliyekutangulia, na cheo kinakuja baadaye, kikija. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines, hospitali ya Panda iliendelea kuhudumia wafanyakazi na familia zao. Mwenye namba ya kazi alitibiwa bure, pamoja na mke na watoto. Waliokulia kambini wanajua maana yake. Kisha mgodi wa kampuni wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikasimama, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni wakaondoka kwa ule mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ambao sisi tunauita tu "départs volontaires", kwa hiari ya kulazimishana. Anapoondoka mtu aliyeshika chumba cha vyombo kwa miaka ishirini bila kuandika chochote, elimu yake inaondoka naye.

Kwenye karatasi, ngazi za Kongo zinaeleweka. A2 inatolewa na taasisi za ufundi wa tiba za ngazi ya sekondari, zile ITM na IEM zilizo chini ya Wizara ya Afya. Humo kuna uuguzi, ukunga, maabara, usafi wa mazingira na msaidizi wa famasia. A1 inatoka chuo, yaani ISTM, na juu yake kuna A0. Lakini tafuta humo fani ya kusafisha na kufisha vijidudu kwenye vyombo vya upasuaji, peke yake, yenye diploma yake. Hutaiona. Kazi hiyo imemezwa ndani ya uuguzi, au imeachiwa mtu wa usafi aliyeonekana makini. Na mtu huyo mara nyingi hayumo kwenye orodha ya mshahara wa serikali. Hospitali zetu zimejaa wasiolipwa na Kinshasa, wanaoishi kwa mgao mdogo unaotokana na malipo ya wagonjwa. Aliyeanza kwa kujitolea akisubiri "kuingizwa" anaweza kusubiri mpaka aote mvi.

Ukitaka kujua uzito wa kazi hii, fuata sinia moja ya vyombo vya upasuaji wa uzazi. Inatoka chumbani ikiwa na damu. Damu ikikauka kwenye maungio ya koleo, umeshachelewa, kwa hiyo vyombo vinafunguliwa na kulowekwa mara moja. Vinasuguliwa kwa brashi, vinasuuzwa, vinakaushwa, vinakaguliwa kimoja kimoja: je, mkasi unakata, koleo inashika hadi ncha? Kisha vinahesabiwa, maana hesabu hiyo ndiyo daktari atakayoiamini kabla ya kufunga tumbo la mtu. Vinafungwa kwa kitambaa tabaka mbili, utepe wa kiashiria unabandikwa juu, tarehe inaandikwa, kifurushi kinaingia kwenye mashine ya mvuke. Nyuzi 121, dakika 30 kwa vifurushi katika mashine ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya, hata kama mama anasubiri mezani. (Bwawa la Mwadingusha, lililojengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba na kuanza kutoa umeme mwaka 1930, haliko mbali na Likasi. Mwenye kucheka na acheke.) Kifurushi kikitoka kimelowa ni kichafu, kirudishwe. Na ule utepe ukibadilika rangi, maana yake ni kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Kama mvuke umefika katikati ya sinia, utepe hausemi. Anayeyajua haya yote amesoma, hata kama hajapewa karatasi.

Upande wa dawa ni vivyo hivyo. Dawa nyingi za Haut-Katanga hupitia bohari ya Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka Likasi. Anayeshika stoo ya hospitali anajaza kadi ya kila dawa: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, tarehe ya kuharibika. Anapiga wastani wa matumizi ya mwezi ili aagize kabla rafu haijawa tupu. Inayokaribia kuharibika inatoka kwanza, hata kama ilifika mwisho. Kadi ikisema chupa 40 za maji ya mishipa na rafu ina 31, ni yeye atakayeulizwa.

Sasa njoo Marekani. Kazi hizi zilitenganishwaje? Jibu fupi ni vita. Katika Vita ya Pili ya Dunia wauguzi hawakutosha, na kwenye meli za kivita za Marekani wauguzi wanawake hawakuruhusiwa. Jeshi likawafundisha askari wa kawaida kushika vyombo na kumsaidia mpasuaji. Vita ilipokwisha, hospitali za kiraia, nazo zikiwa na upungufu wa wauguzi, zikawachukua. Mwaka 1969 chama chao kikaanzishwa chini ya kivuli cha chama cha wauguzi wa upasuaji, kisha kikajitegemea. Ndivyo alivyozaliwa fundi wa upasuaji, yule anayempa daktari kisu na kuhesabu shashi pamoja na muuguzi. Kwa upande wa famasia, mtihani wa kitaifa wa mafundi ulianza na bodi iliyoundwa mwaka 1995. Kwa maneno mengine, na wao walianza kama sisi, kwa kujifunza kazini. Tofauti ni kwamba mtu aliketi akaandika kazi ile ni ipi, inachukua saa ngapi kujifunza, na nani ataitahini.

Milango mitatu ya kwanza kwa mtu wetu, kwa maoni yangu, haifanani hata kidogo.

Mlango wa chumba cha vyombo ndio ninaoupendekeza zaidi, na ndio watu wetu wanaoujua kidogo zaidi. Cheti chake kinachojulikana sana kinaitwa CRCST. Kinataka mtihani pamoja na saa 400 za kazi kwa mikono ndani ya idara, na unaweza kufanya mtihani kwanza ukamalizia saa hizo baadaye katika muda uliowekwa. Baadhi ya majimbo, kama New York na New Jersey, yanalazimisha kwa sheria kuwa na cheti cha namna hii. Kiingereza kinachohitajika ni cha kusoma maelekezo na majina ya vyombo. Mgonjwa huongei naye. Kwa aliyefika na Kifaransa na Kiswahili tu, huo si msaada mdogo. Aliyefunga sinia Panda atashangaa jinsi mambo yanavyofanana: mashine ni kubwa zaidi, kompyuta inahesabu, lakini kifurushi kilicholowa bado ni kichafu.

Famasia inahitaji zaidi masikio. Unapokea simu, unabishana na bima, unamweleza mteja kwa nini dawa yake haiko tayari. Maduka makubwa ya dawa huajiri wanagenzi wenye diploma ya sekondari na kuwafundisha, na majimbo mengi yanataka uandikishwe kwanza kwenye bodi ya famasia. Kwa cheti cha taifa, CPhT, unapitia kozi inayotambuliwa au unaonyesha saa 500 za kazi, kisha unafanya mtihani. Famasia ya ndani ya hospitali ni tulivu zaidi, ila huko nafasi hutolewa kwa mwenye uzoefu.

Fundi wa upasuaji ni safari ndefu: programu ya mwaka mmoja hadi miwili katika chuo kilichoidhinishwa, na mazoezi ya hospitali ndani yake. Hapo uzoefu wa Panda utakusaidia darasani, hautakupunguzia hata muhula mmoja.

Na machela? Ndiyo, kusukuma machela bado ni kazi, na wengi wetu tumepitia huko. Ina faida moja ambayo haiandikwi: unaijua hospitali nzima na wakubwa wa idara wanakuona. Muulize msimamizi kama hospitali inalipia masomo ya wafanyakazi wake. Nyingi zinalipia.

Neno moja chungu kuhusu A2. Kwa sababu inatolewa ngazi ya sekondari, watathmini wa vyeti huku mara nyingi huihesabu kama sekondari yenye ufundi ndani yake. Dada yangu mwenye A2 na miaka kumi na tano ya wodi, bodi ya uuguzi haitakuita muuguzi. Inaumiza, lakini kukaa nyumbani ukisubiri wabadili mawazo kunaumiza zaidi. Cheti hicho hicho kinatosha kukufungulia milango niliyoitaja, kwa kuwa yote inaanza na diploma ya sekondari.

Msidhani huku ndiko wanakojua kila kitu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa kati ya 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani. Moja ilikuwa Ifakara, Tanzania, sambamba na Seattle, London na Toronto. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Ndani ya orodha hiyo kuna kuhakikisha kwamba vyombo havina vijidudu, kuhesabu vyombo, shashi na sindano, na jambo moja ninalolipenda: kabla ya kisu, kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake. Kila aliye chumbani, na yule wa vyombo pia. Kuna hospitali nyingi tajiri zilizohitaji kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlio Panda, Kikula, Shituru, na mnaofikiria safari, au hata msiofikiria: msiondoke kazini na mikono mitupu. Ombeni hati ya utumishi kwenye karatasi rasmi ya hospitali, yenye muhuri na saini. Iandike idara kwa jina, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, na kazi mlizofanya moja baada ya nyingine: kusafisha vyombo, kufunga, kuendesha mashine ya mvuke, kuhesabu shashi, kutunza kadi za stoo. Maneno "alikuwa msaidizi" peke yake hayamfai mtu huku. Ombeni sasa, wakati mkubwa wa idara aliyewafundisha bado yuko kazini na anawakumbuka, kisha pigeni picha hati hiyo na kuituma kwa mtu wa nje. Akishastaafu yeye, hakuna mwingine wa kuitia saini.