"Tangi Limejaa" au "Matangi Yamejaa"? Istilahi za Mafuta katika Gari la Matangi Mawili

Mara nyingi tumewahi kuulizwa kama kazi ya kusanifu istilahi ina faida yoyote kwa mtu asiyeketi darasani wala ofisini. Katika makala haya tutajaribu kujibu swali hilo kwa kutumia mfano mmoja mdogo, yaani maneno yanayotumika kueleza mafuta katika gari lenye matangi mawili. Mfano huu hatukuutoa vitabuni. Tuliupata njiani, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kwenye barabara itokayo Makere kwenda Kibondo.

Makere ni kata ya Wilaya ya Kasulu, na imo kando ya barabara iunganishayo Kasulu na Kibondo. Katika eneo hilo ndimo ilimo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea watu waliokimbia vita vya Kongo, na ambayo mwaka 2015 ilipokea pia maelfu ya watu kutoka Burundi. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa barabara zake zilikuwa za udongo kwa miaka mingi, magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne ni jambo la kawaida huko. Lililozoeleka zaidi ni Toyota Land Cruiser ndefu yenye milango ya nyuma, ambayo wengi huiita "mkonga" kutokana na bomba lake la kuvutia hewa lililosimama ubavuni.

Tulikuwa tumekwenda kukusanya maneno ya madereva na mafundi. Jioni moja tulipewa nafasi katika gari la namna hiyo lililokuwa likielekea Kibondo. Ndani alikuwamo pia mama mmoja na mwanawe mwenye homa kali, waliokuwa wakipelekwa hospitali. Kabla ya kuondoka, karani kijana alimwuliza dereva, "Mzee, daftari linasema tangi limejaa tangu juzi. Tuongeze mafuta?" Dereva akatazama geji, ikaonyesha chini kidogo ya robo. Akajibu, "Hapana, kijana wangu. Hili likiisha, lipo la akiba." Tukaondoka. Mshale ulipofika chini kabisa, dereva alibonyeza swichi ili ahamie tangi la pili. Mshale haukupanda. Akadhani geji imeharibika, akaendelea. Haukupita muda injini ikakohoa, ikazimika. Tangi la pili lilikuwa kavu.

Baada ya hapo ilibidi mtu atumwe kwa pikipiki kuleta dumu la lita 20 za dizeli, kisha dereva atoe upepo katika mabomba kwa kusukuma pampu ya mkono. Mtoto yule alifika hospitali usiku, akiwa amechelewa kwa muda wa saa tatu. Alipona, lakini katika muda wote huo wa kungoja hapakuwa na mtu garini aliyejua kwamba angepona.

Tulipotafuta kosa, tulikuta kwamba hakuna aliyesema uongo. Aliyejaza mafuta juzi alijaza tangi moja mpaka likafurika, akaandika "tangi limejaa". Kwa sarufi yetu sentensi hiyo ni sahihi kabisa: li- ni kiambishi cha umoja. Karani aliisoma kama watu wengi wanavyosema "fultenki", yaani gari zima limejaa. Dereva naye alilitegemea neno "akiba". Maneno matatu yalipita katika vinywa vitatu, na kila kinywa kilikuwa na maana yake.

Ili tuweze kupendekeza istilahi, hatuna budi kwanza kueleza kitu chenyewe kilivyo.

Land Cruiser tunayoizungumzia, katika umbo lake la matangi mawili, huwa na matangi ya lita 90 kila moja, jumla lita 180. Utaratibu huu si mgeni. Hapo zamani baadhi ya Land Rover za chasisi ndefu ziliweza kuwekewa matangi mawili chini ya viti vya mbele, kila moja likichukua galoni 10 za Kiingereza, yaani takriban lita 45. Ikiwa tutachukulia kwamba gari linatumia lita 15 kwa kila kilomita 100, basi tangi moja la lita 90 litalifikisha kilomita 600, na yote mawili kilomita 1,200. Ni dhahiri kwamba tofauti ya umoja na wingi katika daftari la safari ni tofauti ya kilomita 600.

Pamoja na kuwa na matangi mawili, gari hili lina geji moja tu. Ndani ya kila tangi mna boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba. Mafuta yakipungua boya hushuka, na mkono huo hubadilisha ukinzani wa umeme. Umeme unaofika kwenye dashibodi hupungua au kuongezeka, na mshale husogea. Swichi iliyopo kwenye dashibodi hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: huigeuza vali ili injini ivute mafuta kutoka tangi jingine, na huiunganisha geji na boya la tangi hilo. Kwa hiyo geji haisemi kamwe gari lina mafuta kiasi gani. Inasema tu habari za tangi lililochaguliwa wakati huo.

Aidha, yafaa ieleweke kuwa geji haipimi lita. Inapima kimo cha mafuta mahali boya lilipo. Gari likipanda mlima, mafuta hukusanyika upande mmoja na mshale hudanganya. Na katika vilima vya Buha milima haikosekani. Tena, tangi lisilo na umbo la sanduku sawasawa halina nusu iliyo nusu kamili. Katika geji nyingi mshale hutembea polepole, hivyo dereva anapobonyeza swichi imempasa angoje kidogo mpaka mshale utulie ndipo asome.

Jambo jingine linahusu injini za dizeli. Injini hizi haziyachomi mafuta yote zinayoyavuta. Sehemu yake hurudishwa tangini kwa bomba la pekee. Vali inapaswa kuyarudisha mafuta hayo katika tangi lile lile yalikotoka. Ikikwama, tangi moja linaweza kupungua upesi na jingine kufurika. Au mshale ukaonyesha tangi lililojaa ilhali injini inavuta kutoka lililo tupu. Hali kadhalika, dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia katika mabomba na pampu, na injini haiwaki kwa kuongezewa mafuta tu mpaka upepo utolewe. Ndiyo maana madereva wazoefu huhama tangi kabla mshale haujafika chini kabisa.

Sasa tuyaangalie maneno yenyewe.

1. Ujazo. Hiki ni kiasi ambacho tangi linaweza kuchukua. Ujazo haubadiliki: tangi la lita 90 lina ujazo wa lita 90 hata likiwa kavu. Neno hili lisichanganywe na kujaa, ambako ni hali.

2. Mafuta yaliyomo. Hiki ni kiasi kilichomo tangini wakati wa kupima. Hubadilika kila kilomita. Kwa kuwa mdomo wa bomba la kuvutia haugusi sakafu ya tangi, mafuta machache ya chini hayavutiki. Hayo tunapendekeza yaitwe masalio.

3. Geji. Wapo waliopendekeza neno la kuundwa, kipimamafuta. Ni neno zuri kwa umbo, lakini linaahidi jambo ambalo chombo hakitendi, kwani kama tulivyoona, hakipimi mafuta bali kimo chake. Neno geji linafahamika kwa dereva, fundi na muuza vipuri vilevile. Lisanifiwe, na kwa kuwa zipo geji nyingine za joto na za oili, katika maandishi lisemwe kwa ukamilifu: geji ya mafuta.

4. Tangi la kwanza na tangi la pili. Hapa ndipo tulipo na pendekezo zito. Tunashauri jina "tangi la akiba" liachwe. Wahenga walisema akiba haiozi, na ni kweli. Lakini akiba ni kitu kilichokwisha kuwekwa. Tangi ni chombo, na chombo chaweza kuwa kitupu. Kuliita akiba ni kumwahidi dereva mafuta ambayo huenda hakuna aliyeyatia. Majina "tangi kubwa" na "tangi dogo" pia hayafai pale ambapo ujazo wa yote mawili ni sawa. Namba hazimdanganyi mtu.

5. Swichi ya matangi. Ndiyo ichaguayo tangi la kuvutwa na la kusomwa. Kitendo chenyewe madereva wa Makere hukiita kuhamia, nasi hatuoni sababu ya kutafuta kitenzi kingine.

6. Nusu tangi. Usemi huu uepukwe katika daftari la gari la matangi mawili, kwa sababu mmoja ataelewa lita 45 na mwingine lita 90.

Kutokana na hayo, maandishi katika daftari la safari yawe ya namna hii: "Tangi la kwanza limejaa, tangi la pili tupu." Maneno hayo ni manane tu. Yangeandikwa juzi ile, kijana yule karani asingekuwa na la kuuliza, na dumu la mafuta lingetiwa kabla ya safari, si gizani.

Istilahi, basi, si pambo la lugha wala si kazi ya kushindana na lugha za kigeni kwa wingi wa maneno. Ni mapatano baina ya watu wasioonana: aliyejaza mafuta jana, anayeendesha leo, na mgonjwa aliyelala kiti cha nyuma. Neno likiwa na maana mbili, mmoja wao ndiye atakayelipa.

Mapendekezo haya bado ni mapendekezo. Wasomaji wetu, hususa madereva, mafundi na watunza magari wa mikoani, wanaombwa watuletee maneno wayatumiayo wao kwa vitu hivi, pamoja na sababu zao za kuyapenda. Watu wanaokaa na kitu kila siku aghalabu wamekwisha kukipa jina, na kazi yetu ya kwanza ni kuwasikiliza.