Picha za Mpanda Zitundikwe Wapi?

Jamani tuambizane ukweli. Ukiwa hapa Shanwe na unataka kuona kazi ya mchoraji, nenda kwa kinyozi. Mlangoni utakuta vichwa vya mitindo mbalimbali, mkasi mkubwa kuliko kinyozi mwenyewe, na bei pembeni. Jamaa aliyechora kalipwa mshiko wake kaondoka, jina lake hata kwenye kona halipo! Jua likipiga, rangi inapauka, mwenye saluni anamwita mwingine apake juu yake. Kwisha habari.

Mkoa wetu wa Katavi bado mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Tuna hifadhi yenye viboko wa kutosha, tuna asali, tuna reli. Nyumba ya sanaa je?

Usiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, hakuwa na shahada wala ukumbi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa Dar es Salaam anachora kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, anauzia Oysterbay, nje ya maduka ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimfananisha na mhalifu, wakampiga risasi, akafa. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waling'ang'ania pale pale, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima, mpaka Japani wanaujua. Kilichowaokoa ni kuwa na mahali, mnunuzi anajua awafuate wapi.

Sasa njoo Mikocheni, kwenye Nafasi Art Space iliyoanza mwaka 2008. Ukisikia kituo cha sanaa unafikiria marumaru, kumbe washikaji walichukua eneo la viwanda vidogo, wakageuza makontena kuwa vyumba vya wachoraji. Ukumbi wa maonyesho upo, jukwaa la muziki lipo, mafunzo yamekuja baadaye. Kitu kimoja kimoja, mwaka hadi mwaka.

Na mwaka wa nyumba ya sanaa si ule wa kukata utepe na kunywa soda. Onyesho moja likishuka, ukuta umejaa matundu ya misumari. Yazibwe, upakwe chokaa, taa zigeuzwe, picha zipimwe zikae usawa wa macho, kila moja na karatasi yake: nani kachora, lini, shilingi ngapi. Kwa huku kwetu ongeza mchwa, ambao mbao laini kwao ni pilau, na paa lisilovuja kabla mvua za Novemba hazijaanza. Matengenezo yote makubwa yafanyike kiangazi, la sivyo mtaanika picha kama mihogo.

Moto nao usisahaulike. Paa ya Paa ya Nairobi, iliyoanzishwa miaka ya 1960 na kina Elimo Njau, Mchaga wa Kilimanjaro huyo, iliungua mwaka 1997 na kazi nyingi zikateketea. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto havipigiwi makofi siku ya ufunguzi, lakini mimi ningeanza navyo.

Kwa maoni yangu Mpanda inahitaji chumba kimoja tu karibu na stesheni. Reli ilifika hapa mwaka 1950 kufuata madini ya risasi ya Uruwira. Hiyo peke yake ni onyesho zima, wazee waliokumbuka wapo mitaani. Saba Saba waje wafinyanzi, Nane Nane wenye mizinga. Miezi mingine vijana wa vibao, safari hii na majina yao kwenye kona.

Mshiko utatoka wapi? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na vijana fungu lao ni asilimia 4. Kina bodaboda wanajiandikisha, mafundi cherehani wanajiandikisha, wachoraji wao wanangoja waitwe. Afisa maendeleo ya jamii atauliza biashara yenu ni ipi na mnauza kiasi gani kwa mwezi. Kaka, ukiingia mle ofisini uwe na daftari la mauzo mkononi, si maneno matupu.