Barua-pepe za Bure na Hifadhi ya Mtafiti: Jinsi ya Kuzileta Nyumbani kwa Thunderbird

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika tasnifu siku hizi hana budi kuwa mlimbikaji wa barua. Maoni ya msimamizi kuhusu sura ya pili, majibu ya wahojiwa, sauti za mahojiano zilizoambatishwa, hata rasimu ambayo mwenyewe alijitumia usiku wa manane kwa kuchelea umeme kupotea: vyote hivi huishia katika akaunti ya barua-pepe ya bure. Barua hizo husomwa kupitia kivinjari, na kwa kuwa tunaziona kila tunapotaka, wengi wetu hudhani kwamba tunazimiliki.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kudhani hivyo. Alipokuwa akikusanya data ya shahada ya uzamili kuhusu msamiati wa mabaharia wa Lamu, aliandikiana kwa muda mrefu na mwalimu mmoja mstaafu ambaye alimfafanulia kwa subira majina ya sehemu za chombo, kamba na pepo. Baadaye akaunti ile ilikaa miezi mingi bila kufunguliwa, na kampuni iliyoitoa ikaisafisha kwa mujibu wa masharti ambayo mwandishi hakuwa ameyasoma. Aliporejea alikuta kikasha kitupu. Mwalimu yule alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Kilichosalia ni maneno thelathini hivi yaliyonakiliwa daftarini, mengine bila maana zake.

Madhumuni ya makala haya, basi, ni kueleza jinsi akaunti ya bure inavyoweza kuunganishwa na programu ya barua-pepe iliyowekwa katika tarakilishi ya mtumiaji mwenyewe. Programu itakayotumiwa kama mfano ni Thunderbird ya Mozilla, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Haiuzwi, na hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux.

Sanduku la posta na mtungi wa nyumbani

Programu za aina hii zilitangulia barua-pepe za kivinjari. Eudora, mathalani, iliandikwa mwaka 1988 na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois, naye akaipa jina la mwandishi Eudora Welty, kwa sababu ya hadithi yake fupi ya 1941 kuhusu mwanamke aliyegombana na jamaa zake akahamia posta. (Wanafasihi watafurahi kujua kwamba tulikuwepo tangu mwanzo.) Hotmail ilikuja mwaka 1996, Yahoo Mail mwaka 1997 na Gmail Aprili 2004. Hapo ndipo watu walipozoea kuziacha barua zao huko huko zilikofikia.

Ili programu izifikie barua hizo, kuna itifaki mbili za kupokelea, na kuzielewa ndilo jambo kubwa katika mada hii. Chukua mfano wa sanduku la posta. Itifaki ya kwanza, POP, ni kama kwenda posta, kufungua sanduku, kuzikusanya barua zote na kuzipeleka nyumbani. Zikishafika nyumbani ni zako, na sanduku hubaki tupu isipokuwa umeagiza nakala ziachwe. Itifaki ya pili, IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin huko Stanford mwaka 1986, ni kama kuwa na funguo kadhaa za sanduku lile lile. Barua hukaa posta; wewe huzisoma, kuzipanga na kuzitupa kutoka popote, na ulichokifanya katika tarakilishi huonekana katika simu.

Kila moja ina hatari yake. Anayetumia POP bila kuagiza nakala ziachwe kwenye seva, kisha tarakilishi yake ikaibwa, amepoteza vyote. Anayetumia IMAP naye asijidanganye kwamba ana akiba. Kinachoonekana katika tarakilishi yake ni kivuli cha kilicho kwenye seva: barua ikifutwa kule, programu itakapoulizia tena itaifuta na huku. Kwa hivyo ushauri wa makala haya ni kutumia IMAP kwa kazi za kila siku, lakini barua za utafiti zinakiliwe mahali pa tatu. Tutapafikia.

Kuunganisha akaunti

Menyu za Thunderbird hazipatikani kwa Kiswahili. Inasikitisha, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hata hivyo hatua zenyewe ni chache. Programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza huomba jina lako, anwani ya barua-pepe na nywila. Jina ni lile litakaloonekana na mpokeaji, kwa hivyo mwanafunzi anayemwandikia mhadhiri aandike jina kamili, wala si lakabu ya sekondari. Kisha programu hutafuta yenyewe mipangilio ya kampuni husika na kukuuliza kama unataka IMAP au POP3.

Ikishindwa kuitafuta, mipangilio huandikwa kwa mkono. Kwa Gmail, seva ya kupokelea ni imap.gmail.com, mlango nambari 993. Ya kutumia ni smtp.gmail.com, mlango 465 au 587. Kwa Yahoo ni imap.mail.yahoo.com na smtp.mail.yahoo.com, kwa milango hiyo hiyo. Kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti zenye seva mbili tofauti. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma barua zote vizuri lakini akashindwa kutuma hata moja. Hilo likitokea, kagua seva ya SMTP peke yake na usiguse kwingine.

Kikwazo kinachowakatisha wengi tamaa ni nywila. Zamani uliandika nywila yako katika programu, mambo yakaisha. Google ilianza kuifunga njia hiyo kwa akaunti za binafsi mwaka 2022, na Microsoft ikafanya vivyo hivyo kwa akaunti za Outlook na Hotmail Septemba 2024. Sasa Thunderbird hufungua kidirisha cha kampuni yenyewe, ukaingia humo, ukatoa idhini; programu hupewa kibali bila kuijua nywila yako. Ikiwa programu yako ni nzee na haina kidirisha hicho, Google na Yahoo huruhusu nywila maalumu ya programu, inayotolewa katika ukurasa wa usalama wa akaunti. Kwa Gmail lazima kwanza uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Anayeambiwa kwamba nywila si sahihi ilhali ana hakika nayo, sababu huwa ni hii. Asihangaike kuibadilisha mara tano.

Gharama ya data nayo isipuuzwe. Kwa kawaida Thunderbird huteremsha barua zote za IMAP ili zisomeke bila intaneti, na mwenye akaunti ya miaka kumi anaweza kuona data ya mwezi mzima ikiyeyuka asubuhi moja. Kabla ya kuanza, ingia katika mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na hifadhi, uagize ziteremshwe barua za siku 30 za karibuni tu, au zisiteremshwe zenye ukubwa unaozidi kiwango fulani. Mwenye Gmail aondoe pia alama kwenye kabrasha la barua zote katika orodha ya makabrasha anayoyafuata. Gmail hutumia lebo, hivyo barua moja yenye lebo mbili huonekana katika makabrasha mawili na tena katika lile la jumla. Kazi kubwa iliyosalia uifanye chuoni, penye intaneti isiyokugharimu.

Mahali pa tatu

Chini ya akaunti zako, upande wa kushoto, kuna fungu la makabrasha ya ndani ya tarakilishi. Haya hayana uhusiano wowote na seva. Unda humo kabrasha la tasnifu, kisha unakili barua za msimamizi na za wahojiwa kutoka katika akaunti. Nakili, usihamishe: ukihamisha, ya seva hutoweka. Kuanzia hapo, hata akaunti ikifungwa, barua hizo zipo. Na kufungwa si jambo la kubuni. Google imejipa haki ya kufuta akaunti zisizotumiwa kwa miaka miwili, utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023, nayo Yahoo huhesabu miezi 12 tu.

Kwa kawaida Thunderbird huhifadhi kila kabrasha la ndani kama faili moja ya matini, katika mtindo uitwao mbox, ambapo barua hufuatana moja baada ya nyingine. Kwa mwanaisimu hii ni neema. Faili hiyo hufunguka kwa programu yoyote ya matini, ingawa viambatisho huonekana kama msururu wa herufi zisizosomeka, na anayekusanya kopasi ya Kiswahili cha barua-pepe anaweza kuichakata bila kunakili ukurasa hata mmoja kwa mkono. Bila shaka aombe ridhaa ya walioziandika.

Faili zote hizo hukaa katika kabrasha moja la wasifu, ambalo menyu ya usaidizi, katika taarifa za utatuzi wa matatizo, itakuonyesha lilipo. Funga programu, nakili kabrasha lote katika flashi au diski ya nje, na uandike tarehe juu yake. Mwandishi hufanya hivyo kila mwisho wa mwezi. Diski yenyewe haikai katika mkoba mmoja na kipakatalishi.