Umemwacha, lakini hofu haijakuacha: jeraha la moyo lina tiba



Huenda huu ni mwaka wa pili au wa tatu tangu uachane na mume aliyekuwa akikupiga na kukutukana. Una nyumba yako, watoto wanasoma, majirani wanakusalimu vizuri. Lakini usiku mlango ukigongwa, hata kama ni jirani anayeomba kiberiti, moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka. Siku ya mgao ukiona kwenye foleni mwanamume mwenye koti kama la yule, unaacha foleni na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto akiangusha sufuria unampiga kabla hujajua unafanya nini, kisha unajifungia ndani na kulia.

Watu wanakuambia, "Si ulishamwacha? Sahau basi." Wengine wanasema umerogwa. Wengine wanasema kumwota kila usiku ni dalili kwamba bado unampenda, kwa hiyo urudi kwake. Tunaandika makala haya kwa sababu kuna kina mama waliosikiliza maneno hayo ya mwisho wakarudi, na vipigo vikaanza upya.

HILI NI JERAHA, SI WAZIMU

Mtu aliyeishi na kipigo hujifunza mambo mengi ili asalimike. Anajifunza kutambua hatua za mume akitoka kwenye pombe, kusoma uso wake, kunyamaza, kulala jicho moja wazi. Mwili ulijifunza hayo ili kukulinda. Sasa hatari imeondoka, lakini mwili bado unalinda kama zamani. Wataalamu huita hali hii kiwewe, yaani jeraha la moyo lisiloonekana. Kwa sisi tuliokimbia vita, mara nyingi jeraha hili hukaa juu ya jeraha jingine.

Si wewe peke yako. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba duniani karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kupigwa na mwenzi wake au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi au mtu mwingine. Wapo pia wanaume waliopitia mateso ndani ya nyumba. Wanastahili msaada ule ule.

DALILI ZA KUANGALIA

Baada ya shida kubwa, ni kawaida mtu kukosa usingizi na kushtuka kwa siku kadhaa. Lakini kama dalili hizi zimezidi mwezi mmoja na zinakuzuia kufanya kazi zako, ni wakati wa kutafuta tiba:

- Unaota au kuona tena yaliyotokea, kama vile yanatokea sasa hivi.
- Unakwepa watu, njia au mazungumzo yanayokukumbusha.
- Unashtuka upesi, huna usingizi, uko macho muda wote kama mlinzi.
- Unakasirika haraka, hasa kwa watoto.
- Unajilaumu: "Nilistahili. Mimi ndiye niliyemkasirisha."

Kumwota mtu aliyekuumiza si mapenzi. Ni jeraha ambalo halijatibiwa.

TIBA YENYEWE IKOJE?

Wengi wanaogopa kwa sababu hawajui kinachofanyika. Tiba hii ni ya mazungumzo, lakini si mazungumzo ya kisimani. Mshauri, au kaunsela kama wengi tunavyomwita, amefundishwa kuyaongoza hatua kwa hatua, na mnakutana kila baada ya muda mliopatana.

Njia moja ni kusimulia maisha yako yote kwa mpangilio. Mshauri huweka kamba chini. Kamba hiyo ni maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka ua mahali palipokuwa na furaha na jiwe mahali palipokuwa na uchungu. Kisha mnayapitia mawe, moja baada ya jingine, hadi moyo uelewe kwamba jiwe lile liko nyuma na wewe uko hapa, leo.

Njia nyingine hutazama mawazo yaliyokwama, kama "nilistahili kupigwa" au "hakuna mtu wa kuaminiwa tena". Mnayapima pamoja: wazo hili ni la kweli, au nilipandikizwa? Mara nyingi hufanyika katika kikundi cha kina mama.

JE, INASAIDIA KWELI?

Inasaidia, na ushahidi unatoka kwa watu kama sisi. Hapa Uganda, katika kambi ya Nakivale, wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye kiwewe walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wanajamii waliopewa mafunzo. Baadaye, zaidi ya 6 kati ya kila 10 waliopata tiba hawakuwa tena na ugonjwa huo. Kwa wale ambao hali yao ilifuatiliwa tu bila tiba, waliopona walikuwa chini ya 4 kati ya 10.

Mashariki mwa Kongo, wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Miezi 6 baada ya tiba ya kikundi, ni 9 tu kati ya 100 waliokuwa bado na huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa. Kwa waliopata msaada wa kawaida bila tiba hiyo, walikuwa 42 kati ya 100.

Tukuambie ukweli pia: si kila mtu hupona kabisa, na wiki za kwanza zaweza kuwa ngumu, maana unagusa kidonda. Usikate tamaa kwenye mkutano wa pili. Mwambie mshauri, atapunguza mwendo.

UANZIE WAPI?

1. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Si lazima ueleze kila kitu mapokezini. Sema tu, "Nataka kuonana na mshauri wa afya ya akili."
2. Kama huwezi kufika, mwambie mmoja wa wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, akuelekeze.
3. Una haki ya kuomba mshauri mwanamke, na kuomba mtu anayeijua lugha yako. Kama mkalimani ni jirani au ndugu wa mume, sema humtaki.
4. Kama jina lako na la mume bado yako kwenye karatasi moja ya usajili wa familia, ulizia ofisi ya ulinzi jinsi ya kutenganisha. Ni vigumu moyo kutulia wakati chakula chako bado kiko mikononi mwake.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, siri yangu itatoka nje? Mshauri hatakiwi kumwambia mwenyekiti, mchungaji, imamu wala mume. Anaweza kulazimika kutafuta msaada zaidi ikiwa maisha yako au ya mtoto yako hatarini, na anapaswa kukueleza hayo tangu siku ya kwanza.

Je, nitalazimishwa kumshitaki? Hapana. Kwenda polisi ni uamuzi wako. Tiba haitegemei kesi.

Si wanipe tu dawa za usingizi? Vidonge vya usingizi na vya kutuliza haviponyi kiwewe, na vingine humfanya mtu ashindwe kuviacha. Pombe nayo hukulaza saa chache, kisha hofu hurudi na nguvu zaidi. Kama unahitaji dawa, daktari ndiye atakayeamua baada ya kukupima.

Je, niache maombi? La. Kama sala inakupa nguvu, endelea. Mtu aliyevunjika mguu huomba na pia huenda hospitali.

Imepita miaka 10, si nimechelewa? Hujachelewa. Jeraha la zamani nalo hutibiwa.

KAMA HATARI BADO IPO

Kama bado unapigwa au anakufuata, usalama wako ndio wa kwanza. Mwone afisa wa ulinzi au polisi, au mwombe VHT akusindikize. Kama umebakwa, fika kituo cha afya ndani ya saa 72 ili upate dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Hata muda huo ukipita, bado njoo. Na kama una mawazo ya kujiua, usisubiri kesho. Mwambie mtu unayemwamini akupeleke kituoni leo.

Ndugu msomaji, kama si wewe, huenda ni jirani yako. Usimwambie "sahau". Mwulize, "Nikusindikize?" Njia ya kwenda kituoni ni nyepesi wakitembea wawili.